Mwili mkubwa, wahusika wengi: jibu kuhusu Forest Whitaker

Msomaji wa Mwanza anayeigiza jukwaani ameandika kwamba ana umbo kubwa, na kwa sababu hiyo kila mwongozaji humpa nafasi ya baunsa, askari wa gereza au mlinzi wa tajiri. Ametazama filamu ya Idi Amin na ile ya mhudumu wa Ikulu ya Marekani, akashangaa kugundua kuwa aliyeigiza zote mbili ni mtu mmoja, Forest Whitaker. Anauliza mambo matatu: Whitaker alitokaje kwenye nafasi za mabavu, anabadilikaje kiasi kile, na je, Kiswahili cha kwenye filamu ya Amin alikijua kweli? Amegusia pia jicho la Whitaker linaloonekana kuteremka.

Nianze na Kiswahili. Whitaker hakukua na lugha hii. Alijifunza kwa ajili ya kazi ya The Last King of Scotland, iliyopigwa picha Uganda na kutoka mwaka 2006. Hakuwa na haja ya kuongea kama mtu wa Pwani, kwa sababu Amin mwenyewe hakuongea hivyo. Amin alikuwa Mkakwa aliyeingia jeshi la kikoloni la Waingereza, KAR (King's African Rifles), mwaka 1946, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha amri na utani wa askari. Hata Kiingereza chake kilipitia hapo hapo. Mwigizaji anayetaka kuongea Kiingereza cha mtu wa namna hiyo ana njia mbili. Anaweza kusikiliza kanda na kuiga matamshi neno kwa neno, au akajifunza lugha iliyo nyuma ya matamshi hayo. Njia ya kwanza ni ya haraka, lakini huvunjika pale mwongozaji anapobadilisha mstari siku ya kupiga picha. Ya pili ni ndefu, ila ukishazoea silabi zinazoishia kwa irabu na mkazo unaokaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, mdomo unakuwa na mazoea yake, na sentensi mpya huja na lafudhi yake yenyewe. Whitaker alichukua njia ndefu. Tena inajulikana kwamba katika kipindi cha kupiga picha aliishi na lafudhi ile hata kamera zilipozimwa.

Sasa swali lako la kwanza, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Whitaker alizaliwa tarehe 15 Julai 1961 huko Longview, Texas. Akiwa mtoto mdogo familia yake ilihamia kusini mwa Los Angeles. Baba yake aliuza bima, na mama yake alikuwa mwalimu wa watoto wenye mahitaji maalumu. Kijana alikuwa mkubwa na mwenye nguvu, akacheza mpira wa Kimarekani katika safu ya ulinzi, kwenye mstari wa mbele ambako watu hugongana kila mchezo unapoanza. Mpira huo ndio uliompatia ufadhili wa kusoma chuo cha Cal Poly Pomona. Akaumia mgongo, na mpira ukaishia hapo. Alikuwa na sauti nzuri ya tenori, yaani sauti ya juu ya kiume, akageukia muziki, akahamia Chuo Kikuu cha Southern California kusomea uimbaji wa opera, na kutoka huko akaingia kwenye uigizaji.

Watu husoma habari hii haraka haraka kama utangulizi wa wasifu, lakini majibu mengi yako humo. Mlinzi wa mstari wa mbele hufunzwa kusimama kimya akiwa na uzito wake wote kwenye vidole vya miguu, halafu kuulipua kwa sekunde moja. Mwimbaji wa opera hufunzwa kuvuta pumzi kwa tumbo na mbavu, mabega yakiwa yametulia, na kuitoa kidogo kidogo mpaka mwisho wa sentensi ndefu. Mtazame Whitaker katika filamu yoyote utaviona vyote viwili. Anakaa kimya bila kulegea, na anaongea kwa sauti ya chini ambayo bado inafika. Kijana mwembamba aliyefunzwa uigizaji peke yake angehitaji miaka kuvipata.

Mwanzoni hata yeye alipewa nafasi kama zako. Katika Fast Times at Ridgemont High ya mwaka 1982 ni nyota wa mpira shuleni ambaye gari lake linaharibiwa, naye anakwenda kumalizia hasira uwanjani. Katika Platoon ya mwaka 1986 ni askari mmoja kati ya wengi, anaitwa Big Harold, yaani hata jina ni la umbo. Nafasi iliyombadilishia mambo ilikuja mwaka huo huo wa 1986, na ni fupi mno: tukio moja katika The Color of Money ya Martin Scorsese. Tafuta tukio hilo ulitazame kabla ya mengine yote.

Anaigiza kijana aitwaye Amos, anayeingia kwenye ukumbi wa puli na kucheza na Eddie, mzoefu wa michezo ya pesa anayeigizwa na Paul Newman. Amos anaonekana mzito wa kichwa. Anatabasamu ovyo, anaongea maneno yasiyo na mpangilio, na anashinda kana kwamba ni bahati tu. Eddie anazidi kupandisha dau, na anazidi kuliwa. Katikati ya mchezo Amos anamuuliza, kwa uso wa mtoto, kama anadhani apunguze unene. Swali hilo linamchoma Eddie kuliko pesa alizopoteza, kwa sababu ndipo anapoanza kuelewa kuwa ameingizwa mjini na mtu aliyemdharau. Angalia Whitaker anavyoutumia mwili hapo. Mabega yameachiwa, hatua ni za uvivu, tumbo liko mbele bila aibu. Umbo lile lile lililompa kazi ya ubabe sasa linatumika kuficha akili. Hakujikondesha ili kutoka kwenye kundi la mabaunsa, wala hakujikunyata. Aliwaacha watazamaji wamfikirie walivyozoea kumfikiria mtu mnene, halafu akawageuzia kibao.

Mwaka 1988 ikaja Bird, na Clint Eastwood akampa uhusika mkuu wa Charlie Parker, mpiga saksafoni wa jazi aliyefariki mwaka 1955 akiwa na miaka 34 tu, mwili ukiwa umeharibiwa na heroini na pombe kiasi kwamba daktari alimkadiria kuwa mtu wa zaidi ya miaka 50. Whitaker alikuwa hajafika miaka 30. Ugumu wa kazi hii ulikuwa wa kifundi. Eastwood hakutaka mpigaji mwingine aige Parker. Alichukua rekodi halisi za Parker, mafundi wakaitenga sauti ya saksafoni yake, na wanamuziki wengine wakarekodi upya vyombo vya kumsindikiza. Kazi hiyo ya sauti ilishinda Oscar. Lakini kwa mwigizaji ilikuwa na maana kwamba vidole vyake vinapaswa kufuata muziki wa Parker, wenye noti nyingi katika sekunde chache, kwenye chombo chenye vitufe vya mikono yote miwili. Kidole kikichelewa, mtazamaji anayejua saksafoni anakuona. Pumzi ikikosewa, hata asiyejua anakuona, kwa sababu kifua kinapanda mahali ambapo sauti haijakatika. Whitaker alijifunza chombo chenyewe, na mafunzo ya uimbaji yalikuwa yamekwisha kumfundisha mahali pa kupumua. Tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, likampa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume mwaka huo.

Hapa tunagusa swali lako la pili. Ukifuatilia kazi zake utaona kwamba karibu kila mhusika wake mzuri ana kitu kimoja ambacho mikono au mapafu yake lazima yakifanye vizuri. Parker ana saksafoni. Amin anapiga kodiani, ile tunayoijua kwenye taarabu, kwa kuwa Amin halisi aliipiga hadharani, na Whitaker alijifunza kuipiga. Katika Ghost Dog ya Jim Jarmusch, iliyotoka mwaka 1999, ni muuaji wa kukodiwa anayeishi juu ya paa na njiwa wake na kufuata kanuni za samurai. Kila anapomaliza kufyatua, anaizungusha bastola na kuirudisha kama mtu anayerudisha upanga alani. Mhusika huyo haongei sana, kwa hiyo ule mzunguko wa mkono ndio unaokuambia yeye anajiona nani. Kwenye tamthilia ya televisheni ER, mwaka 2006, ni fundi seremala anayepatwa na kiharusi akiwa hospitalini na kupoteza uwezo wa mkono, na hasira yake yote inaanzia kwenye mkono ule usiofanya kazi. Mwaka huo huo katika The Shield alikuwa mpelelezi Kavanaugh, mtu mpole anayetafuna chingamu huku akiwafunga watu kitanzi taratibu. Na mwaka 2016, katika Rogue One, akawa mzee wa vita aliyechakaa ambaye katikati ya maneno hujibandika barakoa ya hewa usoni ili apumue.

Mwigizaji akiwa na kazi ya mikono, akili yake haipati nafasi ya kujitazama. Anayefikiria namna ya kuonekana katili huonekana mtu anayefikiria namna ya kuonekana katili. Anayehangaika kuipata noti inayofuata anaonekana mwanamuziki.

Mfano wake mgumu kuliko yote, kwangu, uko kwenye The Crying Game ya mwaka 1992. Whitaker ni Jody, askari wa Kiingereza mwenye asili ya Antigua aliyetekwa na wapiganaji wa IRA, kundi lililopinga kwa silaha utawala wa Uingereza huko Ireland Kaskazini. Muda mwingi amefungwa mikono, na kichwani amevikwa gunia. Hana uso wala mikono. Amebaki na sauti, na kitambaa kinachoingia na kutoka mdomoni kila anapovuta hewa. Kwa hivyo viwili analazimika kumfanya mlinzi wake ampende, maana uhai wake unategemea hilo. Anaongea juu ya kriketi, anatania, analalamika joto. Wapo Waingereza waliolalamikia lafudhi yake, na ukisikiliza kwa makini wana hoja, kwani mara nyingine inayumba. Lakini mhusika huyu anaondoka mapema sana na bado filamu nzima inabaki na uzito wake. Somo la lafudhi lipo pia: ikiyumba kidogo watu husamehe iwapo pumzi ni ya kweli, ila lafudhi kamili juu ya pumzi ya uongo haiokoi chochote.

Umegusia pia lile jicho. Kope lake la kushoto huteremka kidogo, na ni hali ya kurithi. Waongozaji wabovu hulitumia kama alama ya huzuni au hatari. Walio wazuri huliacha lilivyo, na yeye halifichi.

Nisikudanganye kwamba kila kitu kilimwendea vizuri. Alikuwa ndani ya Battlefield Earth ya mwaka 2000, moja ya filamu zilizochekwa kuliko zote za wakati wake, akiwa amefunikwa vipodozi na manywele hadi hakuna mwili wa kuigiza nao. Katika The Forgiven ya mwaka 2017 alimwigiza Askofu Mkuu Desmond Tutu akiwa amebandikwa pua ya bandia, na pua hiyo inamvuta mtazamaji mbali na macho. Tamthilia yake ya kwanza Broadway, yaani kwenye majukwaa makubwa ya New York, mwaka 2016, ilifungwa kabla ya muda uliopangwa. Ukizitazama kazi hizo mbili za sinema, tatizo ni la aina moja: kitu cha kubandikwa kimechukua nafasi ya kitu cha kujifunza. Upande mwingine amekuwa mwongozaji hodari. Waiting to Exhale ya mwaka 1995, aliyoiongoza yeye na ambayo Whitney Houston na Angela Bassett walicheza, iliingiza zaidi ya dola milioni 80. Baadaye akawa miongoni mwa waliosimamia utayarishaji wa filamu ndefu ya kwanza ya Ryan Coogler, Fruitvale Station, kabla Coogler hajamwita kwenye Black Panther.

Turudi kwa Amin, maana najua ndiye unayetaka kumwelewa. Amin halisi alikuwa na urefu wa karibu mita 1.93, na aliwahi kuwa bingwa wa ndondi wa Uganda uzito wa juu mwepesi (light heavyweight). Whitaker anakaribia urefu huo, na aliongeza uzito. Alikutana na jamaa za Amin, na makamanda wake wa zamani, na watu walioumizwa na utawala wake. Angeweza kutegemea picha za zamani tu, lakini ukisikia upande mmoja wa watu hao unamwigiza shujaa, na ukisikia wa pili peke yake unamwigiza jini. Yeye aliubeba mvuto na hofu kwa pamoja.

Tazama tukio la mwanzo barabarani. Gari la Amin limegonga ng'ombe, Amin ameumia mkono, na daktari kijana Mskoti anamfunga bendeji huku mnyama akikoroma kwa maumivu. Daktari anakerwa na kelele, anachukua bastola ya Amin mwenyewe na kummaliza ng'ombe. Askari wote wanaelekeza bunduki. Whitaker hapandishi sauti. Anamtazama, anaacha kimya kirefu kupita, na wewe mtazamaji huna hakika kama huyu kijana atakufa au atakumbatiwa. Kisha anagundua kuwa ni Mskoti, uso unafunguka, na anataka wabadilishane mashati. Kicheko kinachofuata kinatisha kwa sababu ya kile kimya. Waigizaji wengi wanaoiga Amin jukwaani huiga kicheko tu na kusahau kimya, ndiyo maana Amin wao huwa katuni.

Tahadhari moja kwa msomaji wa huku kwetu: daktari yule hakuwahi kuwepo. Anatoka kwenye riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998. Hadithi pia inafikia kilele kwenye utekaji wa ndege wa Entebbe mwaka 1976, kwa hiyo Vita vya Kagera na kuanguka kwa Amin Aprili 1979 havikuigizwa. Itumie filamu hiyo kujifunzia uigizaji, na historia ukaisome kwingine. Kwa kazi hiyo Whitaker alipata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume tarehe 25 Februari 2007, Mmarekani Mweusi wa nne kuipata, baada ya Sidney Poitier, Denzel Washington na Jamie Foxx. Uganda hakuisahau pia. Taasisi yake ya amani, iliyoanzishwa mwaka 2012, inafanya kazi na vijana huko na Sudan Kusini.

Baada ya Amin, tazama The Butler ya mwaka 2013 siku inayofuata, zisipishane sana. Cecil Gaines anaanzia kwenye shamba la pamba huko Georgia na kuishia kuwahudumia marais. Ametokana na Eugene Allen, aliyefanya kazi Ikulu ya Marekani kuanzia 1952 hadi 1986. Cecil anafundishwa tangu utotoni kwamba chumba kionekane kitupu hata yeye akiwemo. Hebu fikiria agizo hilo kwa mtu wa mita 1.88! Ukimtazama na trei utaona hajikunji kabisa. Mgongo umenyooka, viwiko viko karibu na mbavu, hatua ni fupi, na macho yanakaa chini kidogo ya macho ya anayehudumiwa. Amin hutanua viwiko, huongoza kwa kifua na hufika kabla ya miguu yake. Uzito ni ule ule, ila kilichobadilika ni kiungo kinachotangulia. Nyumbani kwa Cecil viwiko vinaachia tena, na hapo ndipo unapomwona mume na baba.

Sasa zoezi lako. Chagua nafasi unayopewa sana, tuseme mlinzi wa tajiri. Mpe kazi moja ya mikono inayohitaji ufundi wa kweli: kushona kitufe, kumenya chungwa kwa kisu ganda lisikatike, kurekebisha redio. Ifanye nusu saa kila siku kwa wiki nne, mpaka mikono iende bila macho. Usichague kuvuta sigara wala kuchezea simu, kwani kila mwigizaji hukimbilia huko na hazidai ujuzi wowote.

Kisha fanyia kazi pumzi. Lala chali, weka kitabu tumboni, sema mistari yako huku kitabu kikipanda na kushuka na mabega yakiwa sakafuni. Ukiinuka, sema mistari hiyo hiyo ukiwapa watu mgongo, na umwombe mwenzako akae mstari wa nyuma kabisa akuambie neno gani lilipotea. Mara nyingi litakuwa la mwisho wa sentensi, kwa sababu hewa imekwisha. Waigizaji wenye miili mikubwa huziba pengo hilo kwa kusukuma sauti kooni, na onyesho la tatu linawakuta wamekauka. Anza sentensi na hewa zaidi badala ya kuimaliza kwa nguvu zaidi.

Mwisho, amua kiungo kinachotangulia, yaani kifua, paji la uso, tumbo au magoti, na utembee nacho nyumbani na sokoni kwa siku kadhaa kabla hujakileta kwenye mazoezi. Kosa la kawaida la watu wa umbo lako wakipewa mhusika mpole ni kukunja mabega wajifanye wadogo. Jukwaani hilo linasomeka kama ugonjwa au hatia. Punguza mwendo, fupisha hatua, acha mgongo ulivyo.

Na ukiwa na muda wa kutazama, anza na lile tukio la puli, halafu gunia la The Crying Game ukiwa umefumba macho, kisha ng'ombe wa barabarani ukiwa umezima sauti. Baada ya hapo mwombe mwongozaji wako nafasi moja tu ya mtu mpole, hata kama ina mistari mitano, na umwonyeshe mazoezini ulichokiandaa kabla hajaigawa kwa mwingine.